Kabla hujaleta ng'ombe wa maziwa, panda majani na lukina kwanza

Jamani wa Muheza, Pongwe na huko Maramba mnaopanga kuleta mtamba (ng'ombe jike ambaye hajazaa bado), nawaomba sana mfikirie majani kabla ya banda. Watu wengi wanamwaga zege, wanaezeka bati, wananunua ng'ombe, ndo wanakumbuka ana tumbo la kushibisha. Wangu nilimleta ana mimba, akazaa mwezi wa kwanza kaskazi imekolea, majani ya barabarani yashakauka, ikabidi bodaboda aniletee mzigo kila siku toka bondeni na bado maziwa yakashuka mpaka naona huruma kumkamua.

Kwahiyo anza na kalenda. Majani ya tembo (mabingobingo) ukiyapanda masika inapoanza, miezi 3 au 4 unakata, ila lukina, ule mti ambao majani yake ni malisho, inataka karibu mwaka ndo uanze kuivuna, sasa ukisubiri ng'ombe afike ndo uipande umeshachelewa. Hesabu ya ng'ombe mmoja ni ekari 1 hivi ya majani na miti 500 ya lukina, inaonekana mingi lakini ukipanda kila nusu mita ni mistari 5 tu ya mita 50, acha nafasi ya mita 4 hivi kati ya mstari na mstari, hapo katikati ndo panakaa majani.

Mbegu za lukina zina ganda gumu linang'aa kama limepakwa mafuta, ukizifukia hivohivo zinakaa tu. Chemsha maji, epua, yaache yapoe kidogo, mimina mbegu ukoroge dakika 3, halafu uzihamishie kwenye maji baridi zilale humo. Asubuhi zilizovimba kapande, zilizobaki ndogo zirudie. Na miezi ya mwanzo palilia kweli, kale kamche kanakua polepole na magugu yanakameza, mbuzi wa jirani nao wakiingia siku moja tu huna kitu, uzio uwe tayari mapema.

Pingili za majani ya tembo angalia unazitoa wapi. Shina likishakuwa na majani madogomadogo ya njano na limedumaa, huo ni ugonjwa wa kudumaa, usichukue hata kama unapewa bure maana ugonjwa wenyewe unasafiri na pingili. Chagua zenye vifundo 3, viwili viingie chini, samadi weka ya kutosha kila ukishavuna, kwasababu haya majani yanafyonza rutuba vibaya mno.

Pia panga utakavyolisha. Lukina ina protini nyingi ila ina sumu yake, isizidi theluthi moja ya chakula cha siku, ukizidisha kwa muda mrefu ng'ombe ananyonyoka manyoya na afya inazorota. Glirisidia, mti mwingine wa malisho, nayo inafaa sana huku pwani, unachimbia vijiti tu vinachipua, lakini harufu yake ng'ombe wengi wanaikataa siku za mwanzo. Wangu alikuwa ananusa anageuza kichwa, nikawa nakata jioni naanika kivulini inyauke mpaka asubuhi, nachanganya kidogokidogo na majani yaliyokatwakatwa, wiki ya pili akawa anaichambua aile kwanza.