Toleo la zamani au jipya? Namna ya kuchagua mashine ya kukanda misuli ukiwa Uganda

Muuzaji akikuwekea mezani mashine mbili za kukanda misuli, zile zenye umbo la bastola na kichwa kinachopiga mbele na nyuma kwa kasi, utaiona tofauti ya bei kabla hujaziwasha. Tofauti ya kazi ni ngumu zaidi kuonekana, kwa sababu makampuni hutoa matoleo mapya hata pale ambapo kilichobadilika ni kioo, umbo na kiasi cha kelele tu. Kwa mnunuzi wa Uganda, ambaye mara nyingi huchagua kati ya mashine mpya ya bei ya juu na ile ya zamani iliyobaki dukani au iliyoletwa na ndugu aliye kyeyo, yaani anayefanya kazi ughaibuni, ushauri wangu ni kwamba mwaka wa toleo usiwe swali la kwanza. Anza na kina cha pigo, fuatisha umri wa betri, kisha uulize habari za chaja.

Kina cha pigo ni umbali ambao kichwa cha mashine husafiri kutoka nyuma kabisa hadi mbele kabisa, nao hupimwa kwa milimita. Theragun za madaraja ya Prime, Elite na PRO, zinazotengenezwa na kampuni ya Therabody, zimebaki na milimita 16 toleo baada ya toleo, ilhali ile ndogo iitwayo Theragun Mini ina milimita 12. Kwa hiyo anayeacha Elite ya mwaka 2020 na kununua Elite ya mwaka 2023 haongezi kina chochote. Mashine nyingi za bei nafuu zisizo na jina hazifiki hapo, na pigo lake huishia kuwa mtetemo juu ya ngozi. Kasi thelathini zilizoandikwa kwenye boksi lake hazisaidii, kwani kasi haiwezi kufidia kina kilichokosekana.

Pamoja na kina kuna nguvu ya kukandamiza, yaani uzito ambao unaweza kuusukumia kwenye msuli kabla mota haijaelemewa na kusimama. Therabody hutaja takriban kilo 9 kwa Mini, kilo 14 kwa Prime, kilo 18 kwa Elite na kilo 27 kwa PRO. Takwimu hizo zinafunua jambo ambalo wauzaji wachache hulisema: daraja la mashine lina uzito kuliko toleo lake. PRO ya zamani itaendelea kupiga kwenye paja la mkimbiaji pale ambapo Prime mpya imekwisha kunyamaza, na kocha wa Kapchorwa anayehudumia vijana kadhaa baada ya mazoezi ya mlimani atafaidika zaidi na daraja la juu lililotumika kidogo kuliko daraja la chini lililotoka kiwandani juzi.

Mwenye kuhofia kwamba mashine ya zamani imepitwa na wakati kiafya anaweza kutulia. Utafiti mmoja unaotajwa sana kuhusu mashine hizi ulichapishwa mwaka 2020, ukiwahusisha wanaume 16 waliokandwa kigimbi, yaani shavu la mguu, kwa dakika 5 kwa kutumia Hypervolt, mashine iliyoingia sokoni mwaka 2018. Kifundo cha mguu kiliweza kukunjika zaidi kwa takriban digrii 5, na nguvu ya msuli haikupanda wala kushuka. Faida hiyo, ambayo ni ya kweli lakini ya kiasi, ilipatikana kwa chombo ambacho leo kinaitwa cha kale.

Kelele ni suala jingine, na hapa toleo jipya lina haki yake. Theragun za mwanzo zilijulikana kwa makelele yake, na ni kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 2020, kilicholeta mota tulivu zaidi. Anayeishi chumba cha kupanga kinachotenganishwa na jirani kwa ukuta mwembamba, au mwenye kliniki ambamo wagonjwa wanasubiri nje ya pazia, asirudi nyuma ya mwaka huo hata akipewa bei ya kutupa.

Betri ndiyo inayostahili uangalifu mkubwa kuliko yote, kwa sababu betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa imelala ndani ya boksi lililofungwa. Mashine iliyokaa ghalani miaka mitatu huku chaji yake ikishuka hadi mwisho inaweza kuwa imeharibika bila kutumika hata siku moja, na maneno "mpya kabisa" ya muuzaji hayatabadilisha kitu. Uliza ilitengenezwa lini, si ilifika dukani lini. Uliza pia kama betri inatoka. Kwenye Theragun PRO za kizazi cha nne betri huchomolewa, na mashine iliuzwa na betri mbili zenye dakika 150 kila moja, kwa hiyo moja ikichoka bado unayo ya pili na unaweza kutafuta mbadala. Prime na Elite za kizazi hichohicho zina betri iliyofungiwa ndani, na fundi wa kuifungua bila kuharibu ganda si rahisi kumpata. Kwa sababu hiyo, kununua PRO ya zamani ni jambo la busara, lakini kununua Elite ya zamani isiyojulikana umri ni kamari ambayo mimi nisingeicheza isipokuwa bei iwe chini ya nusu ya ile mpya.

Usidhani kwamba toleo jipya daima hudumu na chaji kwa muda mrefu zaidi. Theragun Mini ya kwanza ilikuwa na karibu gramu 650 na ilitajwa kufanya kazi dakika 150. Ya pili, iliyotoka mwaka 2022, ilipunguzwa hadi karibu gramu 450 na muda ukashuka hadi dakika 120. Hata hivyo ningechukua ile ya pili, kwa kuwa inachajiwa kwa waya wa USB-C. Ikiwa umeme umekatika, utaichaji kwa pawabanki, na waya ukipotea, wa simu ya jirani utafaa. Chaja ya zamani yenye pini yake ya pekee ikiungua, unaweza kuzunguka maduka ya Kampala mchana kutwa ukirudi na chaja inayoingia vizuri kwenye tundu lakini yenye volti zisizo zake, na hiyo ndiyo inayoua betri.

Mashine iliyotoka Marekani ina mtego mwingine. Kule umeme ni volti 120, hapa kwetu ni volti 240, na adapta ya kichwa inayobadilisha umbo la pini ili ziingie kwenye soketi yetu ya matundu matatu haibadilishi volti hata kidogo. Soma maandishi madogo ya chaja: yakitaja 100 hadi 240, ni salama, yakitaja 120 pekee, usiichomeke.

Kabla ya kulipa, iwashe kwa kasi ya kati na uiache ifanye kazi dakika kumi. Joto kidogo ni la kawaida; harufu ya kuungua, mlio wa kukwaruza au kichwa kinachoyumba pembeni si vya kawaida, na mashine iliyokuwa ikitumika maeneo ya barabara za murram huenda imekwisha kuvuta vumbi ndani ya mota. Ikandamize kwenye paja lako polepole, usikilize inaanza kuelemewa wapi. Kama unatilia shaka kina kilichoandikwa, weka rula kando ya kichwa na upige video ya mwendo wa taratibu kwa simu. Milimita zitahesabika zenyewe. Habari za Bluetooth na programu ya simu zisikupotezee muda, kwani mashine hizi hufanya kazi bila simu yoyote, ingawa programu hiyo ni msaada kwa asiyejua aanzie wapi.

Nguvu kubwa si zawadi kwa kila mtu. Mzazi mwenye umri mkubwa, au dereva wa boda boda anayetaka tu kulegeza mabega jioni, ahudumiwe na mashine ndogo, na katika hali hiyo Mini mpya inashinda PRO ya aina yoyote. Mjamzito, mwenye damu iliyoganda miguuni, anayetumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo au aliyevunjika mfupa hivi karibuni amwone daktari kwanza. Shingo upande wa mbele isiguswe, wala mfupa usipigwe, na dakika moja hadi mbili kwa kila msuli zinatosha. Kuna kisa kilichoripotiwa kitabibu cha mwanamke kijana ambaye misuli yake iliharibika vibaya baada ya kukandwa kwa mashine ya namna hii.

Ukimwagiza ndugu akuletee, mwambie atunze risiti, kwa kuwa dhamana, ambayo kwa kawaida ni ya mwaka 1 au 2, hudai ununuzi kutoka kwa muuzaji anayetambuliwa na kampuni. Betri ya akiba asafiri nayo kwenye mzigo wa mkononi, kamwe isiwe kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Kikomo cha kawaida cha mashirika ya ndege bila kuomba kibali ni wati-saa 100, na hesabu yake ni kuzidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 10.8 na ampea-saa 2.5 ina wati-saa 27, hivyo itafika Entebbe bila swali, mradi maandishi yake yasomeke na ncha zake zizibwe kwa utepe wa nailoni.