Umemaliza skolashipu ya kukimbia Marekani? Fikiria na kazi ya AD

Kila ikikaribia Mei lazima kuna kijana wetu ananipigia, skolashipu inaisha, kukimbia kama kazi anaona haiwezekani, nyumbani hataki kurudi mikono mitupu, "sasa bro nifanye nini?" Wengi wanawaza ukocha tu. Sawa, lakini juu ya kocha kuna ofisi nyingine, ya mkurugenzi wa michezo wa chuo, huku wote wanamwita AD, na hiyo ofisi watu wetu hata hatuiangaliagi.

Kwanza toa kichwani picha ya mwalimu wa games mwenye filimbi shingoni. AD wa chuo kikubwa anaendesha kampuni. Chuo kinachocheza ile futiboli kubwa ya Kimarekani ya Divisheni I, yaani daraja la juu la michezo ya vyuo, lazima kiwe na timu angalau 16, hapo hesabu makocha, madaktari, mabasi, viwanja, tiketi, mawakili. Na tangu Julai 2025, baada ya ile kesi ya House, ya wachezaji wa vyuo kudai malipo, kumalizwa kortini, chuo kinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza kikomo kilikuwa kama dola milioni 20.5. Hizo pesa nani atazitafuta? Ni yeye. Hilo lishike vizuri kwa sababu ndilo linaloamua nani anapanda na nani anabaki.

Njia ya kawaida: digrii, halafu masta ya usimamizi wa michezo au MBA. Ohio University kule Athens wana hiyo masta tangu 1966, ndio walioanzisha. Ila tafadhali usilipe ada mwenyewe ukiwa na njia nyingine. Tafuta nafasi ya GA, yaani unafanya kazi kwenye idara ya michezo huku unasoma, mara nyingi unasamehewa ada na unapewa kaposho kadogo ka kula na kodi. Nyingi zinatangazwa kuanzia Februari hivi, angalia NCAA Market, ile tovuti ya kazi za michezo ya vyuo, na tovuti za vyuo vyenyewe. Ukiwa na visa ya F-1, ile ya mwanafunzi, muhula ukiwa unaendelea mwisho ni saa 20 za kazi kwa wiki, na hapo hakuna ujanja, usijaribu.

Mimi GA yangu ilianza na kopo la rangi. Mbio za nyika, Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, giza, vidole havisikii kitu, nachora mstari mweupe kwenye nyasi na rangi imeshikwa na baridi inatoka kidogo kidogo kama mtu anatema mate. Kulipokucha akaja AD, nikajua anakuja kukagua mstari. Wapi. Alienda moja kwa moja pale parking, akasimama saa nzima anasalimia wazee mmoja mmoja, huyu anamuuliza goti limepona, yule anamuuliza mjukuu ameanza shule. Mstari hakuuangalia hata. Baadaye nikaambiwa mmoja wa wale wazee ndiye aliyenunua ubao wa matokeo wa uwanja wa basketi. Siku hiyo nikaelewa kazi ya AD ni nini.

Kwa hivyo ukiwa GA pitia vitengo kadhaa, lakini viwili usivikose. Cha kwanza ni kile cha kufuata sheria, wenyewe wanakiita komplayansi. Kazi yenyewe inachosha nisikudanganye, unahesabu masaa ya mazoezi (mwisho 20 kwa wiki msimu ukiwa unaendelea, manne kwa siku, na siku moja lazima wapumzike), unakagua fomu, unafuatilia nani ana haki ya kucheza. Mimi niliwahi kupitisha fomu moja bila sahihi, dada mmoja akakosa mashindano, alilia, na kosa lilikuwa langu asilimia mia. Tangu siku hiyo karatasi nazisoma mara mbili.

Cha pili ni kuchangisha. Hapa sisi tuna mtaji aisee, maana nani hajakuwa mweka hazina wa harambee, nani hajaandika orodha ya ahadi na kuwafuatilia watu mpaka watume? Tofauti ni kwamba huku hutaji pesa mapema. Unakula na mtu lunch mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, unasikiliza stori za miaka yake ya chuo, kiasi unakitaja siku ambayo ameshajua unataka kukijengea nini. Na akitoa unaandika barua ya shukrani kwa mkono wiki hiyo hiyo.

Baada ya hapo ni ngazi: AD msaidizi, AD mshiriki, naibu. Muda ni mrefu. Wengine wanapanda kwa kuhama. Gene Smith alicheza futiboli chuo cha Notre Dame, akafanya kazi IBM, akawa AD wa Eastern Michigan mwaka 1986, akaenda Iowa State, Arizona State, ndipo akafika Ohio State 2005 na kukaa mpaka 2024. Wengine wanapanda pale pale, Candice Storey Lee alikuwa mchezaji wa basketi chuo cha Vanderbilt, akachukua digrii zake zote hapo mpaka udaktari, na 2020 akawa AD wa chuo hicho hicho. Mimi ningekushauri kuhama, kwa sababu kusubiri bosi mmoja astaafu ni kamari. Usidharau na vyuo vidogo vya Divisheni III, hakuna skolashipu za michezo kule, kuna AD ambaye bado ni kocha wa timu, lakini bajeti nzima unaishika wewe. Na anayeajiri AD ni rais wa chuo, kwa hiyo kwenye intaviu ongea na habari za masomo, usiongee vikombe tu.

Suala la makaratasi: H-1B, yaani visa za kazi, za vyuo haziingii kwenye ile bahati nasibu ya kila mwaka, hiyo ni afueni kubwa, ila sheria za visa zinabadilika sana siku hizi, kaa karibu na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla OPT yako, ile ruhusa ya kufanya kazi kwa muda baada ya kuhitimu, haijaanza kukimbia.

Kama bado una muhula mmoja kampasini, nenda ofisi ya michezo wiki hii, muulize yule mama wa mapokezi Jumamosi wanahitaji mtu wa kupanga viti au kupokea wageni wa AD. Chagua wageni.