Kabla Hujajidunga Sindano ya Uzazi wa Mpango Mwenyewe

Nazungumzia DMPA, dawa ya sindano ya kuzuia mimba, ile ya chini ya ngozi, ile inayokuja na kifuko kidogo cha plastiki kilichokwisha jazwa dawa. Ile ya msulini mwachie mtoa huduma.

Kwanza upimwe. Kama una presha ya juu sana, saratani ya titi, damu ukeni isiyojulikana sababu, au unanyonyesha mtoto ambaye hajatimiza wiki 6, usiguse sindano kabla ya kuongea na mhudumu. Na ya kwanza ujidunge mbele yake, akuone mkono.

Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Nawa mikono. Dawa isikae friji wala juani. Itikise sekunde 30, na uitikise kweli, maana hutuama.

Sasa kifuniko cha sindano. Hapa ndipo nilipoumia. Kati ya kifuniko na shingo ya kifuko kuna mwanya mdogo. Ukisukuma kwa nguvu mwanya unaisha, na ndani njia ya dawa inatoboka. Mara yangu ya tatu nilijidunga usiku, mbiombio, watoto wanagonga mlango. Nikasukuma kidogo, nikang'oa kifuniko, nikadunga paja. Nabinya kifuko, hakisinyai. Nikachomoa, nikarudishia kifuniko na kusukuma tena, huku vidole vimekibana kifuko chenyewe. Dawa ikaruka, ikachuruzika kiganjani, nyeupe kama maziwa. Kilichobaki nikakidunga, nikajiambia kinatosha. Sikumwambia mtu. Hedhi ilipokosekana sikushtuka, kwa kuwa sindano hii huwakatia wengi hedhi. Nilipopelekwa kliniki na kichefuchefu, mimba ilikuwa ya wiki 11.

Kwa hiyo shika shingo, kifuko usikiguse. Sindano ielekee juu. Sukuma mpaka uone kwa macho yako kwamba mwanya umekwisha. Dawa ikimwagika, hata kidogo, usijidunge nyingine kwa kubahatisha na usinyamaze kama mimi: mpigie mhudumu siku hiyohiyo, na tumia kondomu mpaka akuelekeze. Na funga mlango, dakika hizo ni zako.

Dunga tumbo, mbali na kitovu, au mbele ya paja. Finya ngozi, sindano ielekee chini, binya kifuko polepole kwa sekunde 5 hadi 7. Usisugue baada ya hapo.

Tarehe ya kurudia iandike kabla hujafungua pakiti: wiki 13. Shirika la Afya Duniani linaruhusu kuchelewa hadi wiki 4, ila hizo ni za dharura, usizipangie. Ukianza ndani ya siku 7 za mwanzo wa hedhi, kinga inaanza papo hapo. Ukianza siku nyingine, kondomu kwa siku 7.

Iliyotumika usiifunike tena. Itie kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, mbali na watoto, kisha uipeleke kituoni.

Kumbuka haizuii virusi vya Ukimwi. Kama unataka mimba karibuni, chagua njia nyingine, kwani uwezo wa kushika huchukua miezi kurudi. Na ukiona damu nyingi isiyokoma, usaha mahali ulipodunga, au kichwa kinauma kuliko kawaida, usingoje tarehe yako, nenda.