Somo: Kutengeneza eksozi inayovuja kwenye pikipiki ya zamani ya mapigo mawili

Wiki jana nililetewa hapa Mbale, Uganda, Yamaha AG100 ya bwana shamba mstaafu. Mzee analalamika: pikipiki inapiga ta-ta-ta ikiwa baridi, mlima haipandi, na kila akishuka suruali ina madoa ya oili nyeusi. Waliomtangulia kuishika walipaka silikoni nyekundu juu ya silikoni nyekundu, mpaka mdomo wa eksozi ukafanana na keki ya harusi. Nimeona nieleze nilivyoitengeneza, maana kosa hili nalikuta kila mara: watu wanaziba tundu bila kuuliza ni nini kinachoitikisa eksozi.

Bajaj Boxer ya mapigo manne ikivuja eksozi, kelele inakuudhi lakini kazi inaendelea. Mapigo mawili haina valvu za kufungua na kufunga njia ya moshi. Lile tumbo pana la eksozi ndilo linalosaidia kazi hiyo: wimbi la moshi likifika pale bomba linapopanuka, linarudisha mvuto unaotoa moshi uliobaki, likigonga pale linapobana, linarudi kusukuma ndani ya silinda mchanganyiko mbichi uliotaka kutoroka. Aliyeyafikisha mbali mambo haya ni Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha pikipiki cha MZ kule Ujerumani Mashariki, miaka ya 1950. Mwaka 1961 mwendeshaji wake Ernst Degner alitorokea Magharibi, akaenda na ujuzi huo Suzuki, na mwaka 1962 akatwaa ubingwa wa dunia wa cc 50. Magendo ya maarifa. Watu wa Busia, mlioko mpakani, mnaelewa. Basi tundu dogo karibu na silinda linaharibu wimbi lote, na nguvu inaondoka nalo.

1. Tafuta panapovuja

Usiamini macho peke yake. Injini ikiwa baridi, ng'oa plagi, zungusha taratibu mpaka pistoni ifike juu kabisa. Hapo sketi yake, yaani ubavu wake wa chini, inafunika tundu la eksozi. Paka povu la sabuni kwenye mdomo wa silinda, maungio ya sailensa na kila mshono. Funga mkia wa eksozi kwa kipande cha tyubu, pitishia hapo mpira wa pampu ya baiskeli, kisha pampu polepole. Mapovu yatakuonyesha. Kompresa ya matairi iache ilipo, hewa yake ni nyingi mno.

2. Fungua bila kukata stadi (bolti isiyo na kichwa inayoshika eksozi kwenye silinda)

Usiku nyunyizia nati mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi washa injini dakika mbili tatu ipate joto, ukiwa nje. Moshi huu ndani ya chumba unaua. Nati ikigoma, irudishe kidogo upande wa kukaza, halafu ulegeze tena. Nenda rudi, nenda rudi. Haraka hapa utailipia Ndeeba, kwenye maduka ya spea ya Kampala.

3. Flanji na gaskiti

Kwangua masizi na silikoni yote. Laza flanji, ile sahani ya mdomo wa eksozi, juu ya kioo. Mwanga ukipita chini yake, imepinda. Ya mzee ilikuwa imepinda kama upinde kwa kukazwa upande mmoja. Bandika msasa wa 120 kwenye kioo na uisugue kwa mwendo wa namba nane mpaka ing'ae sawa pande zote.

Gaskiti mpya ndiyo bora. Ukikosa, ile ya shaba nyekundu inaweza kurudi kazini mara moja au mbili: ipashe moto mpaka iwe nyekundu ya kufifia, kisha itumbukize majini. Chuma cha kisu ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu, shaba inalainika. Silikoni haina kazi mdomoni mwa silinda, moto wa pale unaila. Itumie huko nyuma kwenye maungio ya sailensa, tena kidogo.

4. Breketi: ugonjwa wenyewe

Bushi ya mpira ya breketi ya nyuma ilikuwa imekwisha zamani, bolti inacheza. Kila shimo la barabara ya murram lilifanya eksozi nzima kuning'inia kwenye nati mbili za mbele. Gaskiti gani itavumilia? Nilikata bushi mpya kutoka kwenye tairi kuukuu la lori. Kazi ya dakika kumi, na ndiyo iliyoponya pikipiki.

Kama bomba lina ufa, toboa tundu dogo la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutambaa. Choma masizi na oili ya ndani kwanza, la sivyo mshono utajaa vitundu. Bati lake ni jembamba, kwa hiyo mpelekee fundi anayechomelea kwa gesi. Stiki nene za umeme zitalitoboa.

5. Kufunga

Weka nati zote na bolti ya nyuma kwa vidole tu, eksozi ijikalie yenyewe. Tundu la nyuma lisipolingana, rekebisha breketi au ongeza washa. Usilivute kwa mtaimbo. Kaza mdomo kwa zamu, kulia kidogo, kushoto kidogo. Nati za M6 zinatosheka na Nm 10. Bolti ya nyuma iwe ya mwisho. Endesha kilomita chache, acha ipoe, kaza tena. Hatua hii ya kukaza tena ndiyo wengi wanairuka.

Maswali ya wanachama

*Busia:* Fundi, stadi imeshakatika, imebaki ndani ya silinda. Nifanyeje?

Pole ndugu. Ikiwa imechomoza hata milimita 5, mchomeleaji aichomelee nati juu, na joto lile lile litailegeza. Ikiwa imezama, piga alama katikati kabisa kwa panchi, toboa kwa keekee ndogo kwanza. Uzi wa aluminiamu ukiharibika, wekewa koili ya uzi. Usipanue tundu kwa stadi kubwa bila kupima nyama iliyobaki.

*Tororo:* Naweza kusafisha masizi ya ndani kwa soda kostiki?

Kwenye bomba la chuma tupu, ndiyo, ukiwa na glavu na miwani, na soda ndiyo iingie kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda. Kama kuna kipande chochote cha aluminiamu, kitoe: soda inakila na kutoa haidrojeni, hewa inayolipuka. Kromi na rangi pia zilinde.

*Mbale:* Mzee, nimeziba kila kitu, lakini kupanda Kapchorwa bado inachoka na mkia unadondosha oili.

Kutoka kwetu hadi Kapchorwa unapanda zaidi ya mita 700, hewa inapungua na kabureta inabaki na petroli nyingi kuliko inavyohitajika. Uchovu kidogo ni wa kawaida. Oili ya mkiani ni jambo lingine. Kama ina pampu ya Autolube, ile inayopeleka oili yenyewe kwenye injini, angalia alama za kebo yake. Na uulize kama aliyekuuzia hakuwa anachanganya oili kwenye tangi pia. Yule bwana shamba alikuwa anafanya vyote viwili.