Kukalibreti kihisi cha mtetemo kwa leza: anza na boliti

Kukalibreti kihisi ni kuhakiki kuwa kinasoma mtetemo sawasawa. Fundi mpya akiingia maabara hukimbilia leza. Mimi humrudisha kwenye boliti inayofunga kihisi. Leza ya heliamu na neoni ina wimbi la nanomita 632.8, na hapo huna wasiwasi. Wasiwasi ni kihisi kilichofungwa ovyo.

Futa uso wa kihisi na wa meza ya kitetemeshi (mashine inayokitikisa kihisi), paka tone la mafuta mepesi, kisha kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kiasi alichoandika mtengenezaji. Waya ubandike kwa utepe karibu na kihisi. Ukiachwa ukachezacheza, huzalisha umeme wake wenyewe, nawe utausoma ukidhani ni mtetemo.

Sasa leza. Kioo kinaupasua mwale: nusu inakwenda kwenye kioo kilichotulia juu ya jiwe zito, nusu inapiga uso unaotetema. Zikirudi zinakutana. Kila uso ukisogea nanomita 316.4, yaani nusu ya wimbi, mwanga na giza hupishana mara moja: huo ni mchirizi mmoja. Hesabu michirizi ya mzunguko mmoja wa mtetemo, zidisha kwa urefu wa wimbi, gawanya kwa 8. Umepata kilele cha msogeo, yaani umbali mkubwa kabisa kutoka katikati. Kizidishe kwa (2πf)², f ikiwa masafa, yaani mitetemo kwa sekunde: ndio kilele cha mchapuko (kasi inavyobadilika kila sekunde).

Mimi huanzia Hz 160, mchapuko wa kilele 10 m/s². Msogeo ni kama mikromita 9.9, na kaunta isome michirizi 125 hivi. Kihisi cha mV 100 kwa g (mchapuko wa mvutano wa dunia, 9.81 m/s²) kitaonyesha takriban mV 72 kwenye voltimita. Ulitarajia 102? Usikiite kibovu! Voltimita inasoma rms (aina ya wastani, ambayo kwa sini ni kilele kugawanya kwa 1.414), leza imekupa kilele. Zidisha kwa 1.414 kwanza.

Kwa mchapuko huohuo, Hz 5,000 msogeo ni nanomita 10 tu. Hata mchirizi mmoja haukamiliki, kwa hiyo kuhesabu hakufai. Hapo fuata njia ya sini (umbo la wimbi laini) iliyo kwenye kiwango cha kimataifa ISO 16063-11: mawimbi mawili ya mwanga yaliyopishana nyuzi 90 yanarekodiwa, na kompyuta inatafuta sini inayolingana nayo.

Halafu usiamini doa moja. Meza huyumba kidogo pembeni, hasa masafa yakipanda. Hamisha mwale upande wa pili wa kihisi, pima tena, chukua wastani. Pande mbili zikitofautiana sana, zima kitetemeshi, fungua boliti, futa upya.