Chanjo ya kideri haipatani na maji ya bomba, wafugaji wa Dodoma tusikilizane

Kila kiangazi kikikolea, kuanzia Bahi, Chamwino mpaka Kongwa na Mpwapwa, malalamiko ni yaleyale: "afisa, kuku nimechanja na bado mdondo (ndio huohuo ugonjwa wa kideri) umefagia banda zima, hii chanjo yenu feki". Huwa nauliza swali moja tu, chanjo ulichanganya na maji gani? Na jibu mara nyingi ni maji ya bomba, yametoka kwenye koki moja kwa moja, halafu hilo dumu limesuguliwa na sabuni ya unga asubuhi hiyohiyo. Sasa ndugu yangu hapo hujachanja, umenywesha kuku maji tu na hela yako imekwenda.

Ngoja nieleze kinachokufa mle kwenye dumu, maana mtu akikielewa anakuwa makini. Chanjo ya I-2, ambayo hapa kwetu wengi mnaijua kama Temevac, ni kirusi hai cha kideri ila kipole. Kwa nje kina ganda laini la mafuta, na juu ya ganda zimechomoza protini kama miiba ya mbigili. Ziko aina mbili. Moja inaitwa HN, hiyo ndiyo inayong'ang'ania kwenye seli za jicho, pua na koo la kuku. Nyingine inaitwa F, kazi yake ni kuunganisha ganda la kirusi na utando wa seli ili kirusi kiingie ndani.

Na hii F ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa ukali wa ugonjwa. Haifanyi kazi mpaka ikatwe na vimeng'enya, yaani vikata-protini vya mwili wa kuku mwenyewe. F ya kirusi kikali inakatwa na vimeng'enya vilivyopo karibu kila kiungo, ndio maana ugonjwa unafika hadi kwenye ubongo unaona kuku shingo imepinda. F ya chanjo inakatwa kwenye njia ya hewa na utumbo tu, kwa hiyo kirusi kinazaliana hapo kidogo, mwili unazitambua zile protini mbili na kutengeneza kingamwili za kuzibana, siku kirusi kikali kikija kinakuta hakina pa kushika.

Sasa klorini iliyotiwa kwenye maji ya bomba ili sisi tusiumwe matumbo inaziharibu hizo protini, na sabuni inayeyusha ganda lenyewe. HN ikiharibika kirusi hakishiki seli, kisiposhika hakizaliani, na kisipozaliana mwili wa kuku hauna cha kujifunza. Kuku anabaki vilevile kama alivyokuwa jana!

Kinachowaponza watu ni lile neno "inavumilia joto". Ni kweli, I-2 ilitengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, ikiwa bado kavu kwenye kichupa inakaa wiki kadhaa kivulini bila kuharibika. Lakini kuvumilia joto sio kuvumilia klorini, wala sio kuvumilia jua la saa sita mchana juu ya tanki la pikipiki, na ukishaichanganya na maji usitegemee tena huo uvumilivu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kama hukupewa maji maalumu ya kuchanganyia, chemsha maji safi jioni, yaache yapoe usiku kucha, asubuhi yawe baridi kabisa sio vuguvugu. Vyombo vioshwe kwa maji hayohayo, sabuni na jiki marufuku. Halafu pima dropa yako, yaani kile kichupa cha kudondoshea matone, na hapa ndipo watu wanapokisia, acheni kukisia! Vuta ml 1 ya maji hayo kwa bomba la sindano, itie kwenye dropa, hesabu matone. Mfano yakitoka matone 25 na kichupa kimeandikwa dozi 100, unahitaji ml 4, basi. Sio nusu kikombe ili "ienee". Ukizidisha maji kila tone linabeba kirusi kidogo, kuku hapati dozi.

Dropa ishikwe wima, ukiilaza matone yanatofautiana ukubwa. Tone moja kwenye jicho moja, isiguse jicho, subiri kuku apepese ndipo umwachie. Kifaranga na jogoo wote tone moja zima, hakuna cha nusu tone kwa mdogo. Anza alfajiri kuku wakiwa bado bandani, maliza asubuhi hiyo. Rudia kila miezi 3, yaani ukianza Januari ni Aprili, Julai na Oktoba, na usisubiri kusikia kuku wa jirani wanakufa maana kinga inahitaji kama wiki mbili kujijenga. Kuku aliyeshaanza kujikunyata na kuharisha kijani chanjo haimponyi.

Wenye kuku wengi mnaotaka kuwanywesha, inawezekana ila kinga yake ni dhaifu zaidi, mara ya kwanza lazima urudie baada ya wiki 2 hadi 3. Weka gramu 2 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa lita, subiri nusu saa ndipo utie chanjo, chombo kiwe cha plastiki, na yaishe ndani ya saa 2.

Wengine wananiambia kirusi kimeshaizoea chanjo. Hapana, mnachanganya na mafua. Kirusi cha mafua kinabadilisha sana protini zake za juu, ndio maana WHO wanapitia chanjo ya binadamu mara 2 kwa mwaka, na kwa ndege peke yake protini hizo ziko za aina nyingi. Kideri hakigawanyiki hivyo, kingamwili za chanjo ileile bado zinakikamata. Ila chanjo ya kideri haikingi mafua ya ndege, kuku wengi wakifa ghafla na walichanjwa vizuri toeni taarifa kwa afisa mifugo haraka, msiwachinje wala kuwapeleka mnadani.

Ukichanja sawasawa hutaona dalili yoyote, labda chafya mbilitatu. Chanjo iliyobaki usiiweke ya kesho, ichemshe na kichupa chake ufukie.