Somo: Kobe wa maji akiota ukijani mgongoni

Wakuu, kiangazi cha Dodoma kikishika, beseni la kobe linageuka mlenda ndani ya siku chache, halafu mtu anamkamata mnyama wa watu na kumsugua kwa waya wa masufuria na sabuni ya unga. Acheni hiyo. Ule ukijani ni mwani, na ukiwa mwembamba haumdhuru kobe. Mwani huo unahitaji mwanga na mbolea. Mwanga hapa tunao wa kumwaga; mbolea inatoka kwenye kinyesi chake na dagaa unaomwachia mpaka waoze. Kwa hiyo ukisafisha mgongo bila kugusa beseni, umejipa kazi ya kila wiki.

1. Kagua kwanza. Mtoe, mfute kwa kitambaa, bonyeza gamba kwa kidole. Mwani unateleza au una nyuzinyuzi, na chini yake gamba ni gumu. Ukikuta sehemu laini, harufu mbaya, vishimo au majimaji mekundu, hapo gamba linaoza. Usisugue, mweke pakavu, umpeleke kwa daktari wa mifugo.

2. Msugue. Mswaki laini wa mtoto na maji ya uvuguvugu, basi. Sabuni hapana, jiki hapana, na mafuta ya nazi ya kumng'arisha hapana kabisa. Fuata mistari ya maungio taratibu, maana ndipo mwani unapojishikiza. Tumia beseni lake, si sinki la jikoni, kisha nawa mikono kwa sabuni: kobe hubeba vijidudu vya salmonela, vya kuharisha, hata akiwa mzima wa afya. Marekani walipiga marufuku mwaka 1975 kuuza vikobe vyenye gamba chini ya inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiugua.

3. Mpe pa kuota jua. Hapa ndipo wengi tunafeli. Kobe lazima aweze kutoka majini mwili mzima, akauke mpaka tumboni. Mwani hauvumilii gamba linalokauka kila siku. Tafuta jiwe bapa lisilokwaruza, liweke mteremko ili apande mwenyewe. Jua la asubuhi ndilo zuri. Ila usije ukaacha beseni dogo juani saa saba mchana bila kivuli, maji yanachemka upesi na kobe hana pa kukimbilia. Funika nusu kwa ubao au turubai. Na wewe unayemweka nyuma ya kioo cha dirisha, jua hilo lina joto tu. Mionzi anayohitaji kuimarisha gamba inazuiwa na kioo.

4. Maji. Mlishe kwenye chombo cha pembeni, akimaliza mrudishe. Beseni lisilo na chujio libadilishwe kila baada ya siku mbili tatu. Najua mgao unabana, kwa hiyo kinga kwenye pipa; maji ya bomba yakikaa wazi siku nzima, klorini inatoka. Maji machafu mwagia mipapai, si mboga mnazokula mbichi.

MASWALI YA WANACHAMA (kila mmoja kwa jina la mtaa wake)

*Ipagala: Mkuu, niweke dawa ya kuua mwani wanayotumia kwenye mabwawa?*
Hapana. Nyingi zina madini ya shaba, na kobe anayanywa maji hayohayo. Isitoshe mbolea inabaki, mwani unarudi.

*Kisasa: Wangu ana madoa meupe magumu, natumia maji ya kisima.*
Angalia birika lako, dada. Kama lina ukoko mweupe ndani, basi na hayo ni chokaa ya maji. Mloweshe: kama ni chokaa, madoa yatafifia; kama ni kidonda, yatabaki. Usikwangue kwa kisu.

*Nkuhungu: Gamba linabanduka vipande vyembamba, atakufa?*
Anakua tu, na mwani unaondoka na vipande hivyo. Usivute, viache vidondoke vyenyewe.

*Msalato: Mvua zilizopita niliokota mmoja barabarani, mgongo wote tope na kijani. Nimfuge?*
Kama anakunja shingo pembeni anapojificha, huyo ni wa madimbwi yetu. Kiangazi hujifukia ardhini, mvua zikianza anaibuka na tope lake, hana ugonjwa. Mrudishe ulipomkuta, maana mnyamapori hafugwi bila kibali. Na wenye kobe wa Marekani, yule wa alama nyekundu nyuma ya jicho, msije mkachoka mkamtupa bwawa la Hombolo. Ni miongoni mwa viumbe vamizi wabaya zaidi duniani.

*Area C: Nimemwekea konokono wa dimbwini wamle mwani. Sawa?*
Kobe atawatafuna hao konokono kwanza, kaka. Na konokono wa madimbwini wanaweza kuwa na vimelea vya kichocho, kisha wewe ndiye unayeingiza mikono kwenye hayo maji. Watoe leo, tumia glavu.